Uvimbe Uliokuja na Chakula

Mke wa fundi makochi aliuona uvimbe ule mchana, mumewe akiwa anakula wali na maharage. Ulianza kama kitu cha kuhisi tu, upande wa kulia umejaa kidogo chini ya taya, ungedhani mtu amebakiza tonge shavuni. Sahani haijafika nusu ulikuwa umesimama wazi, mgumu, umeivuta ngozi ya kovu la upasuaji mpaka inang'aa. Mkono wa mke ukabaki hewani na kijiko cha kupakulia.

"Baba, hapo pana nini?"

"Wapi?"

"Hapo, chini ya taya."

Fundi akapeleka vidole, akagusa, akavitoa upesi kama aliyegusa pasi ya moto. Kisha akacheka, cheko la mtu asiyetaka kuulizwa tena. "Ni chakula. Siku hizi natafuna kama mbuzi mzee, tonge lingine linakosea njia."

Hakula zaidi. Akasukuma sahani, akanywa maji, akatoka kurudi karakana. Alipopita mlangoni mkewe alimwona ameivuta kola ya shati mpaka karibu na sikio, na siku yenyewe ilikuwa ya jua kali.

Mke huyu walimwita Mama Foronya, maana foronya zote za mito iliyotoka karakana ile zilipita mikononi mwake. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha milango ya bati kando ya barabara, katikati ya fundi bati na mchomelea vyuma, na ndani yake mifupa ya makochi imesimama ukutani inasubiri kuvishwa. Fundi anapiga mbao, springi na sponji. Mkewe yuko pembeni kwenye cherehani zito la miguu, la chuma kitupu, analojua milio yake kama mtu anavyojua kikohozi cha mwenzake. Hivyo ndivyo walivyoishi, na hivyo ndivyo walivyomlea binti yao, ambaye sasa ni msusi katika saluni ya mtaa wa pili na ulimi wake una makali kuliko wembe.

Mwaka ule ule, hospitali kubwa ilikuwa imemtoa Fundi kansa chini ya ulimi. Walikikata kidonda kilichokataa kupona, wakakata na nyama ya pembeni yake, wakashona. Ulimi ulibaki, ila ukawa mzito kama mgeni asiyetaka kuondoka. Mate nayo yakabadilika. Asubuhi yanakuwa mazito kama gundi, lazima asukutue ndipo aseme neno. Mchana upande mmoja mkavu, upande mwingine yanamponyoka bila yeye kujua. Siku moja yalidondoka juu ya mahameli ya mteja, mwenyewe amesimama pale pale. Yule mama alitoa kitambaa mkobani akafuta, akakunja kitambaa, halafu badala ya kukirudisha mkobani akakiacha juu ya benchi. Fundi alikitazama kile kitambaa mpaka jioni.

Lakini alikuwa hai, na daktari alisema wamekata yote. Ndiyo maana uvimbe ule, ulipokuja, hakuna aliyethubutu kuutaja kwa jina.

*

Ulikuwa na tabia za ajabu. Asubuhi haupo. Akinywa maji, haupo. Akitia tu mdomoni kitu cha kutafuna, hasa chenye chachu au chumvi, huo unapanda. Akimaliza kula unakaa kidogo, kisha unanywea taratibu kama mpira uliochomwa mwiba. Mtu mwenye utulivu angejiuliza, kansa gani hii inayosubiri chakula? Lakini hofu haiulizi maswali, inajibu tu. Mama Foronya aliona ni ugonjwa mwizi, unatoka kuiba na kurudi shimoni. Akaamua kuunyima. Akafukuza limau jikoni, akafukuza nyanya na chumvi, akawa anampikia mumewe uji mwepesi usio na kitu, na maji yenyewe akampimia kidogo kidogo, akidhani anausaidia mdomo upumzike. Alikuwa anamfungia mtu dirisha wakati anakosa hewa, na alifanya kwa mapenzi yote.

Fundi naye akaanza kula akiwa ameupa ukuta uso. Akala kabla binti hajarudi kutoka saluni. Binti akiuliza, anaambiwa baba ameshakula, amelala.

"Twende hospitali," Mama Foronya alimwambia siku moja wakiwa karakana, yeye anatia uzi kwenye cherehani, mumewe anakaza mkanda wa kiti.

"Kufanya nini?"

"Wakuone."

"Wakiniona watakata. Mara ya kwanza walichukua kipande. Safari hii watabeba ulimi wote. Nitakuita kwa kupiga makofi?"

"Utaniita hata kwa kunitupia ndala, mradi upo."

Fundi alitabasamu kidogo, nusu ya mdomo, kwa kuwa nusu nyingine haikuwa ikitii. Kisha akasema kile walichokuwa wakikizunguka kama watu wanaozunguka shimo. "Umerudi, mama. Mimi na wewe tunajua. Niache nife nikiwa nasema."

Hapo ndipo angemjibu kitu. Maana kuna jambo lilikuwa likimkwaruza Mama Foronya tangu siku ya kwanza. Siku Fundi aliporuhusiwa kutoka wodini, nesi mmoja mnene, mpole wa sauti, alimvuta kando akamwambia maneno. Mama Foronya aliyakumbuka yote ya siku ile isipokuwa maneno yenyewe. Alikumbuka shemeji yake amekuja na gari la kuazima, anapiga honi nje kwa sababu mwenye gari analitaka. Alikumbuka beseni, chupa ya chai, shuka, na ndala moja iliyopotea chini ya kitanda. Alimkumbuka nesi akilipapasa taya lake mwenyewe kwa vidole viwili, kutoka nyuma kuja mbele, huku akisema kitu juu ya kula. Na mwisho wa mazungumzo aliukumbuka vizuri mno.

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa, sista. Mungu akuzidishie."

Hakuwa ameelewa hata robo. Lakini sisi tuliofundishwa kuliheshimu koti jeupe tunajua: mtu aliyesoma akikuuliza umeelewa, unahisi hakuulizi, anakuaga. Unajibu ndiyo ili umpishe aendelee na kazi.

*

Alikwenda hospitali peke yake, kwa siri, siku mumewe alipokwenda kununua sponji. Alivaa gauni lake la harusi za watu, akapanga foleni ya dirisha la mapokezi. Zamu yake ilipofika, karani hakuinua kichwa.

"Kadi."

"Sina kadi, mwanangu. Kadi ni ya mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Hakuja."

"Sasa unataka kumwona nani?"

"Kuna nesi wa ile wodi ya juu, mnene hivi. Aliniambia jambo, nataka kumwuliza."

"Jambo gani?"

Mama Foronya alishika chuma cha dirisha. Nyuma yake watu walikuwa wameshasogea, kama watu wanavyosogea palipo na habari. "Nimelisahau," akasema.

Karani sasa akainua kichwa. "Unataka kuuliza jambo ulilolisahau."

"Ndiyo."

"Nami nimwambie nesi amekuja mama, hajui anachouliza?"

Mzee mmoja nyuma, mguu wake umefungwa bendeji, akasema, "Mama, ukilikumbuka uniulizie na langu." Foleni ikacheka. Halikuwa cheko baya, lilikuwa cheko la watu waliosimama tangu asubuhi. Mama Foronya naye akacheka nao, maana usipocheka na wanaokucheka unabaki peke yako.

Karani alilegea. "Mama, mlete mgonjwa. Hata leo, hata kesho. Akiwa na kadi hapangi foleni hii, anapitia ule mlango pale." Akaonyesha kwa kalamu.

"Nimeelewa," akasema Mama Foronya, akatoka. Nje ya lango alisimama karibu na muuza karanga, akafikiri kurudi, kumwambia yule kijana kwamba mume wake ana uvimbe na hataki kuja, wafanyeje. Maneno yalikuwa mepesi tu. Lakini lile cheko lilikuwa bado liko mgongoni mwake. Akanunua karanga asizozitaka, akaenda zake. Fundi alimkuta kwenye cherehani, akamwuliza mbona amevaa hivyo, akajibu gauni lingine limelowa.

*

Fundi aliwaita watu wiki hiyo hiyo. Aliwaita fundi bati na mchomelea vyuma, majirani zake wa kazi, na akamwita mdogo wake, yule wanayemwita Mrefu, mlinzi wa ghala la mbolea. Wakakaa karakana, wawili kwenye kochi lisilo na kitambaa, wawili kwenye maboksi ya misumari. Mama Foronya alileta chai.

Lazima nieleze haraka hii ya Fundi ilitoka wapi. Baba yao Fundi na Mrefu alikufa bila kusema neno. Matanga hayajaisha, ndugu walipanda juu ya nyumba wakashusha bati, kila mmoja na lake, na wale watoto wawili wakalala wakitazama nyota. Fundi aliapa kwamba yeye hatakufa kimya.

"Nimewaita mnisikilize," alisema, polepole, akimeza kila baada ya maneno machache. "Ugonjwa umerudi. Msinipe pole, pole nimeshajipa mwenyewe. Karakana hii namwachia mdogo wangu. Leo, si nikishakufa. Nikishakufa kila mtu ana masikio yake, atasema alisikia analotaka."

"Kaka, usiseme hivyo," Mrefu alisema, na machozi yakamtoka kweli. Hakuwa mtu mbaya, Mrefu. Nataka mjue hivyo.

"Utaacha ulinzi?"

"Nitaacha."

"Ukichukua ufunguo huu umechukua na shemeji yako na mtoto. Wasilale njaa."

"Mbele ya hawa, kaka. Wasilale njaa."

Fundi bati akaguna. "Na daktari kasema nini?"

Fundi akatazama chini. Mama Foronya alikuwa amesimama na birika, na hapo ndipo nafasi ilipomjia kama mtu anayekuja kukugongea mlango. Angesema: hatujamwona daktari. Angesema: kuna neno nesi aliniambia, nimelipoteza, tusubiri nilitafute. Watu wanne wanamtazama. Akafungua mdomo, na kilichotoka kikawa, "Nani nimwongeze chai?"

"Mimi, shemeji," alisema Mrefu, akafuta uso, akanyoosha kikombe. Kwa mkono mwingine alipokea ufunguo.

Kazi ilianza kubadilika mara moja, kama inavyokuwa kwa mtu aliyetamani kitu kwa miaka bila kusema. Mrefu alirudisha sare ya ulinzi. Akahamisha familia yake ikae karibu, watoto wakabadili shule. Akaleta vijana wawili wenye mashine ya kupiga pini kwa upepo, ta-ta-ta-ta, kochi lililokuwa likichukua wiki linakwisha kabla ya Ijumaa. Ili kuinunua mashine ile aliliuza cherehani la miguu. Alimwambia shemeji yake siku limeshabebwa, kwa adabu zote: "Shemeji, lile lilikuwa linakuumiza mgongo. Pumzika sasa, muuguze kaka." Mama Foronya alitazama alama nne za miguu ya chuma sakafuni, zilizochimbika kwa miaka, akasema asante.

*

Homa ilikuja baada ya hapo. Uvimbe ukaacha kupanda na kushuka, ukakaa. Ngozi ikawa nyekundu, ya moto, na Fundi akawa anahisi mdomoni kitu cha chumvi chenye harufu. Siku hiyo mteja wa binti yao hakutokea saluni, binti akarudi mchana, akamkuta baba yake amekaa kitandani na taulo shingoni katika joto lile.

"Baba, umekuwa bondia?"

"Nina mafua."

Akaivuta taulo. Alinyamaza, na huyu binti kunyamaza ni habari. Kisha akageuka. "Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Mama Foronya akainama kuokota kitu ambacho hakikuwapo.

"Baba, vaa viatu."

"Siendi."

"Huendi?"

"Nimesema, mwanangu. Mambo yangu nimeshayapanga."

"Sawa. Basi nakaa hapa nakusuka nywele hizo ulizobakiza, twende kilioni kwako, mistari sita, na ushanga mbele. Nawaita na majirani." Alishatoa kitana mfukoni. Alikuwa analia, lakini mkono ulikuwa umeshakishika kichwa cha baba yake. Fundi akavaa viatu.

Walipitia ule mlango wa wenye kadi. Hakuna aliyewauliza kitu.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mikono ya koti ameikunja kama mtu anayetaka kukanda unga. Alimlaza Fundi, akamulika chini ya ulimi, kisha akaweka kidole kimoja ndani ya mdomo na vingine nje chini ya taya, akasukuma kutoka nyuma kuja mbele. Fundi alishika kingo za kitanda. Kikatoka kitu cheupe, kizito, daktari akakipangusa kwa pamba.

"Unavimba wakati gani, mzee?"

"Nikila."

"Halafu unashuka?"

"Ulikuwa unashuka."

"Tangu lini?"

Akaambiwa. Akamtazama Fundi, akamtazama mkewe, akapumua. "Mzee, hapa chini ya taya kila mtu ana tezi ya kutengeneza mate. Mate yake yanapita kwenye mrija mwembamba, yanatokea chini ya ulimi. Pale pale tulipokata. Tuliuhamisha ule mrija tukaushona pembeni, lakini kovu linapokauka linavuta, na limeubana mdomo wa mrija. Ukila, tezi inatoa mate, mate hayana njia, yanarudi, inavimba. Sasa yamelala humo mpaka yameoza. Ndiyo homa yako. Nitakupa dawa, nitatia sindano nichukue majimaji tupime, maana kwa mtu aliyeugua kama wewe sitaki kusema kwa macho tu. Lakini nikikwambia ninachokiona, sioni kansa. Naona mfereji ulioziba."

Binti akajifunika uso kwa mikono, kitana bado kiko vidoleni. Fundi alikaa akitazama ukuta. Mtu mwingine angedhani hajasikia. Mkewe alijua anatazama nini, maana na yeye alikuwa anakitazama: ufunguo, mkononi mwa Mrefu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia yule nesi mnene na trei. Akamtambua Fundi, akafurahi, kisha akaona shingo.

"Jamani. Imezibaje mpaka hapa?" Akamgeukia Mama Foronya, na hakuna ubaya hata chembe katika sauti yake. "Mama, si nilikueleza siku ile mnaondoka? Kwamba anaweza kuvimba akila, asiogope, amkande hivi kuja mbele, anywe maji mengi, afyonze limau mate yasukume, na ikizidi aje? Nilikueleza na vidole hivi."

Chumba kikawa kidogo. Binti alimtazama mama yake. Daktari alisimama na sindano mkononi. Mama Foronya alihisi ulimi wake yeye, mzima, usiokatwa, umelala mdomoni kama kipande cha ubao.

"Alinieleza, sista," alisema Fundi.

Wote wakamgeukia.

"Alinieleza yote, tulipofika nyumbani. Mimi ndiye nilipuuza. Mimi ni mtu mbishi, muulize yeyote."

Nesi akatikisa kichwa, akacheka kidogo. "Wanaume, basi tu." Akaweka trei. Akaanza kumweleza upya Mama Foronya namna ya kukanda, mara ngapi, dawa ipi kabla ya kula na ipi baada, akamaliza kwa lile swali lake.

"Sijaelewa," Mama Foronya alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. "Nishike mkono unionyeshe juu yake."

*

Majibu ya sindano yalikuja safi. Homa ikashuka, uvimbe ukapungua. Haukuisha, daktari alisema tezi ile huenda ikachoka yenyewe ikakauka, au siku moja ikabidi itolewe, na mate ya mzee hayatarudi kuwa yale ya zamani. Mama Foronya alimkanda mumewe kila mlo. Alilirudisha limau jikoni. Wakikaa hivyo, vidole vyake chini ya taya la mumewe, alisubiri amgombeze. Aliyapanga mpaka maneno ambayo angeambiwa. Fundi alikuwa anafumba macho tu, akimaliza anasema, "Inatosha, mama, ahsante."

Walikwenda kwa Mrefu Jumapili. Mke wa Mrefu alipika, akawakaribisha kama wazazi. Walipokwisha kula Fundi akasema, "Mdogo wangu, Mungu kanirudisha."

"Tumeshukuru, kaka. Tumelia kwa furaha humu ndani."

"Basi nimekuja kwa habari ya karakana."

Mrefu akakunja mikono yake mirefu, akatazama watoto wake wanaocheza mlangoni na viatu vya shule mpya. Mkewe alikusanya vyombo taratibu sana, bila kuondoka.

"Kaka," Mrefu alisema, "ungenipa faraghani, ningekurudishia faraghani. Ulinipa mbele ya watu. Kazini wameshaweka mtu. Chumba cha kule nimeacha. Wale vijana wawili wana wake zao. Nikikurudishia leo, mimi ndiye nitakayelala nikitazama nyota, na hawa."

"Sikukudanganya. Nilidhani nakufa."

"Najua. Hilo ndilo linaloniuma. Hujanidanganya, na mimi sijakuibia. Sasa twende kwa nani atuamue?"

Fundi alimeza mate, mara mbili, ilivyo kawaida yake sasa. "Na mimi nifanye nini? Mikono yangu ni mizima."

"Njoo. Karakana ni yako kuingia. Utawafundisha vijana, kochi za kizamani wao hawaziwezi. Nitakulipa kama wao, na zaidi kidogo."

"Mimi nikiwa nani pale?"

"Kaka yangu."

"Kazini, nauliza."

Aliyejibu ni mke wa Mrefu, kwa upole, na vyombo mikononi. "Shemeji, pahali pamoja hapawezi kuwa na wakubwa wawili."

Walirudi kwa miguu. Jua lilikuwa bado juu. Walipofika kwenye daraja la mtaro Mama Foronya hakuweza tena.

"Kwa nini ulisema uongo pale kwa nesi?"

"Uongo gani?"

"Unaujua. Mimi sikukueleza kitu. Sikuelewa, nikasema nimeelewa, na nikaona haya kuuliza. Nilikwenda mpaka dirishani kule hospitali, nikarudi. Ungenisema. Mbele ya mtoto, mbele ya yeyote, ungenisema tu, ningetulia."

Fundi alisimama apumzike. Alichukua muda, si kwa kutafuta maneno, kwa kutafuta mate ya kuyasemea. "Karakana nimeitoa mimi. Na wewe nikikutoa, nitabaki na nani?"

Akaendelea kutembea. Mama Foronya alimfuata nyuma. Aliona kwamba amesamehewa, na kwamba msamaha ule utamkaa shingoni siku zake zote, maana mtu aliyegombezwa hulia akamaliza.

Jumatatu walikwenda kazini pamoja. Mrefu alimpa kaka yake nafasi nzuri, karibu na mlango penye upepo, na kochi la zamani la springi. Mama Foronya alipewa kigoda na foronya za kushona kwa mkono. Wale vijana walimwamkia Fundi vizuri, wakarudi kwenye mashine yao ya pini. Kabla ya saa sita aliingia mteja, mama mwenye mkoba, yule wa mahameli. Alipomwona Fundi ameinama kwenye kochi, uso ukamchangamka kweli.

"Fundi, umepona. Nilisikia mambo mengine kabisa. Nina viti vinne nyumbani, nikasema siwapi watu nisiowajua. Utanifanyia lini?"

Fundi alitoa misumari mkononi, akaiweka juu ya mbao mmoja mmoja. Akafuta pembe ya mdomo kwa mgongo wa mkono. "Mama, ongea na yule pale ndani," akasema. "Mwenye karakana ni yule."

Mteja alimtazama Mrefu, akamtazama Fundi, akadhani ni utani wa ndugu. Akamgeukia Mama Foronya kwenye kigoda, akicheka.

"Eti ni kweli, mama?"

Mashine ya pini ilikuwa imenyamaza. Mama Foronya aliinua uso.

"Ni kweli," akasema. "Mwenye karakana ni yule."

Akatafuta mahali alipokuwa ameishia kwenye mshono, akaendelea.